Waliojuana kwa Maandishi

Urafiki wa wanablogu hudharauliwa kuwa wa juujuu. Wengi wao hawajawahi kuonana, na kinachowaunganisha ni maoni mawili matatu chini ya makala. Lakini anayeandika kwa miaka huacha kumbukumbu ambayo hata jirani yake hana: wasomaji wanajua alisema nini, lini, na alipokosolewa alijibu vipi. Imani inayojengeka hivyo ni imani ya kweli, na Kenya iliiona kazi yake baada ya uchaguzi wa 2007. Tarehe 30 Desemba, matokeo ya urais yakiwa yametangazwa na ghasia zikisambaa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Siku chache baadaye Ory Okolloh, mwandishi wa blogu ya Kenyan Pundit, aliwauliza wasomaji wake kama kuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Waliojitokeza walitoka katika mtandao uleule wa kusomana: Erik Hersman wa White African, Juliana Rotich wa Afromusing, na David Kobia, mwendeshaji wa jukwaa la Mashada. Baadhi yao walikuwa wamekutana Arusha, Juni 2007, kwenye mkutano wa TEDGlobal. Kabla Januari haijaisha, tovuti ya Ushahidi ilikuwa hewani, ikipokea taarifa za wananchi. Hapakuwa na mkataba, ofisi wala mfadhili. Mafundi wa kuandika programu ya aina hiyo walikuwepo wengi. Adimu walikuwa watu wa kuaminiana haraka kiasi hicho, wakiwa nchi mbalimbali.

Wapo watakaosema kwamba Mashada yenyewe ilijaa matusi ya kikabila, hata Kobia akalazimika kuifunga kwa muda mwezi uleule. Ni kweli, na tofauti ni ya kuangaliwa vizuri. Jukwaani mtu huingia na jina la bandia, akamwaga sumu, akaondoka. Kwenye blogu mwenye nyumba anajulikana, na aliyoyaandika jana yanamsubiri kesho.

Pingamizi zito zaidi ni la tabaka. Wanablogu wale walikuwa wasomi wenye intaneti, wengine wakiishi ughaibuni, na waliandika zaidi kwa Kiingereza. Hilo silikatai. Ila mahusiano ya wachache huweza kuwafaa wasiohusika nayo kabisa, mradi yapate umbo la kudumu. Tanzania ilipoweka kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, pamoja na ada zilizozidi shilingi milioni mbili, kwa wengi mzigo ulimwangukia mwandishi mmoja mmoja, na baadhi ya blogu zikanyamaza. Mwaka huohuo Kenya ilipopitisha sheria ya makosa ya kompyuta, chama cha wanablogu, BAKE, kilichoundwa 2011, kilikwenda mahakamani kwa jina lake, na Mei 29 vifungu 26 vikasimamishwa. Februari 2020 Mahakama Kuu iliitupa kesi hiyo. Hata hivyo, kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, mwandishi wa Kisumu au Lodwar asiyemjua hata mwanachama mmoja wa BAKE aliandika chini ya kinga ileile.