Joto Kwanza, Maziwa Baadaye: Kumtunza Mtoto wa Paka Mgonjwa Nyumbani

Mtu wa pwani akihamia bara hafungui mzigo akaacha mazoea yake. Mimi kazi imenileta huku Wote, Makueni, mwaka wa sita sasa, na kila baada ya wiki mbili tatu huwa Kitui. Kote kuwili watu wameshajua kwamba kwangu paka hafukuzwi. Basi huletewa. Huletewa kwenye maboksi ya mafuta ya kupikia, kwenye vikapu, na siku moja kijana wa bodaboda aliniletea wawili ndani ya kofia yake ya pikipiki. Karibu wote huja wagonjwa. Aliye mzima hakamatiki.

Ndugu zangu wa Mombasa na Lamu nao hunipigia simu na swali lao ni lile lile: tumeokota mtoto wa paka, anahara, macho yamegandamana, tumpe nini? Nimeona niliandike jibu mahali pamoja. Mimi si daktari, na diploma yangu haihusu wanyama hata kidogo. Ninayoyaeleza nimeyapata kwa madaktari wa mifugo wa huku, watu waliozoea ng'ombe na mbuzi lakini hawamdharau paka, na kwa kuyatenda mwenyewe usiku baada ya usiku.

Kitu cha kwanza anachofanya mtu mwenye huruma ni kumtilia maziwa kwenye kisahani. Hapo ndipo wengi wanapokufa. Paka wa chini ya wiki tatu hawezi kujitia joto mwenyewe. Joto lake ni la mama yake na ndugu zake. Akitengwa nao anapoa, na akipoa utumbo wake unasimama kufanya kazi. Maziwa yakiingia hukaa tumboni yakachacha, au hurudi juu akayavuta mapafuni, na asubuhi unamkuta amekufa ukasema alikuwa mgonjwa sana. Mtie ncha ya kidole kinywani. Ikiwa ndani ya kinywa ni baridi kuliko kidole chako, usimpe chochote cha kumeza kwanza.

Na msiseme pwani hakuna baridi. Mtoto wa paka aliyelowa mvua ya mwaka na upepo wa kusi unampiga hupoa Mombasa kama anavyopoa huku kwenye vilima vya Kilungu na Mbooni mwezi wa saba.

Dawa yake ni pojo. Huku wanaziita ndengu na hakuna nyumba isiyokuwa nazo. Zipashe kavu kwenye kikaango, zimimine ndani ya soksi nene ya pamba, ufunge fundo, kisha uijaribu kwa upande wa ndani wa mkono wako. Ikikuunguza wewe, itamuunguza yeye. Izungushie leso uiweke upande mmoja wa boksi tu, ili akizidiwa na joto aweze kujisogeza. Chupa ya maji ya moto nayo yafaa, ila hupoa haraka, na ikishapoa inaanza kumnyonya joto badala ya kumpa. Mpashe polepole, hata ikichukua saa nzima au zaidi. Usimweke kando ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Ile hewa ya makaa huua watu, sembuse yeye.

Akiwa amelegea kabisa, mara nyingi sukari ya mwili imemwishia. Koroga sukari kidogo kwa maji ya vuguvugu, au chukua tone la asali (na asali ya Kibwezi na Kitui hamna haja ya kusifiwa), umpake kwenye ufizi kwa kidole. Kumpaka tu, si kummiminia. Akianza kusogeza kichwa na kutafuta chuchu, sasa ndipo tunapozungumza habari ya chakula.

Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha, na kuhara ndiko kunakowakausha maji. Yapo maziwa ya unga ya watoto wa paka. Mombasa na Nairobi utayapata kwa baadhi ya madaktari wa wanyama na maduka ya vyakula vya wanyama. Huku Wote nilazima niyaagize yaje na basi. Majirani zangu Wakamba huapia maziwa ya mbuzi, na mbuzi huku ni wengi kuliko watu barabarani. Rai yangu ni kwamba maziwa ya mbuzi yanavusha siku moja au mbili ukingoja mzigo ufike, basi. Ukiyafanya ndiyo malezi, atakonda mbele ya macho yako.

Mlaze kifudifudi, kama anavyonyonya kwa mama yake. Usimpindue chali kama mtoto wa binadamu. Tumia sirinji ndogo isiyo na sindano, tone kwa tone, yeye ndiye avute. Kwa kila gramu 100 za uzito wake, tumbo linachukua kama mililita 4 kwa mlo mmoja. Wiki ya kwanza ni kila saa mbili, usiku na mchana. Wiki ya pili na ya tatu unaweza kufika saa tatu au nne. Baada ya kila mlo mfute sehemu za chini kwa pamba iliyolowa maji ya vuguvugu mpaka akojoe, kwa kuwa chini ya wiki tatu hawezi kukojoa bila kulambwa na mama.

Nunua mizani ya jikoni. Hiki ndicho chombo kilichonisaidia kuliko dawa yoyote. Paka huzaliwa na gramu kama 100, na kila siku yapasa aongeze gramu 10 hivi au zaidi kidogo. Akifika wiki nne anakaribia gramu 400. Andika kila asubuhi kwenye karatasi. Macho yetu hudanganya, hasa tukishampenda mnyama, lakini siku uzito ukisimama karatasi inasema kabla yeye hajalegea. Ukishuka siku mbili mfululizo, mpeleke kwa daktari hata kama anacheza.

Macho na mafua ni jambo la kawaida na mara nyingi yanatibika. Chemsha maji, tia chumvi chembe, acha yapoe, ufute usaha kwa pamba kutoka pembe ya ndani kwenda nje, kila jicho na pamba yake. Madaktari wengi huandika mafuta ya macho ya tetrasaiklini, yale yanayopakwa watoto wachanga hospitalini. Lakini usichukue tone lolote la macho lililobaki kabatini. Baadhi yake yana steroidi, na jicho lenye kidonda likitiwa steroidi laweza kupasuka. Paka aliyeziba pua hali, maana chakula hukijua kwa harufu. Mfute pua, na chakula chake ukipashe moto kidogo.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu hasa. Mwezi uliopita jirani mmoja, mama mwenye roho safi, aliokota watoto watatu wa paka waliojaa viroboto. Alikwenda kwenye duka la dawa za mifugo, akanunua dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe, akaipunguza kwa maji mengi akawaogesha. Magharibi walikuwa wakitetemeka na kutokwa mapovu. Kabla ya isha wote watatu walikuwa wamekufa.

Dawa nyingi za kupe zinazouzwa huku ni za jamii mbili, amitrazi na zile za aina ya saipamethrini. Ng'ombe anazivumilia, mbwa pia huogeshwa kwa baadhi yake. Ini la paka halina uwezo huo. Kuipunguza kwa maji hakuifanyi kuwa dawa ya paka. Kwa kosa hilo hilo watu hupaka paka dawa ya viroboto ya mbwa, na paka hufa kwa kifafa. Kwa mtoto wa paka, mwogeshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini ya vyombo, anzia shingoni ili viroboto visikimbilie kichwani, mkaushe upesi, kisha mchane kwa kitana cha chawa. Lirudie zoezi baada ya siku chache. Ni kazi ya kuchosha, lakini viroboto si uchafu tu: kwa mnyama wa gramu 300 hunyonya damu mpaka ufizi ukawa mweupe kama karatasi, na hapo anahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Nyumba zetu zina sumu nyingine mbili za namna hiyo. Panadoli, hata kipande cha kidonge, huigeuza damu ya paka isiweze kubeba hewa. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso huvimba. Paka mwenye homa hapewi panadoli kwa hali yoyote. Na ile dawa ya kuua viini inayogeuka nyeupe ikichanganywa na maji, tunayosafishia vidonda na vyoo, humdhuru akijilamba. Kidonda cha paka ni maji na chumvi.

Kuhara ni habari ndefu. Mwenye minyoo ana tumbo kama ngoma na mgongo kama msumeno, na huyo daktari humpa dawa kwa kupima uzito, kuanzia wiki ya pili au ya tatu. Lakini yule anayetapika, anahara damu na kukataa kila kitu huenda ana virusi vya jamii ya parvo, vinavyofagia uzao mzima kwa siku tatu nne. Virusi hivyo hukaa nyumbani hata mwaka, na sabuni haiviui. Jiki inaviua: kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji, iache dakika 10, kisha suuza. Ndiyo maana kila mgeni kwangu hukaa chumba cha peke yake wiki mbili, na vyombo vyake, na mimi hubadilisha kanzu kabla ya kuwagusa wengine.

Akianza kula vya kutafuna, mpe nyama au dagaa waliochemshwa bila chumvi. Ugali peke yake haumjengi paka. Na mahindi yenye ukungu yasimfikie yeye wala kuku. Mwaka 2004 sumu ya ukungu wa mahindi iliua watu 125 katika sehemu hizi, wengi wao Makueni na Kitui, na bado wapo wanaodhani kwamba yasiyofaa watu yanafaa wanyama.

Limebaki la kung'atwa. Sisi tumefundishwa kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani, na maji aliyoyanywa twatawadhia. Hilo ni sawa, ila utwahara na maradhi ni maswali mawili mbalimbali. Makueni na Kitui zimo katika kaunti tano zilizochaguliwa kuanzia mpango wa taifa wa 2014 hadi 2030 wa kutokomeza vifo vya kichaa cha mbwa, pamoja na Machakos, Siaya na Kisumu. Hazikuchaguliwa bure. Karibu vifo vyote vya watu hutokana na mbwa, lakini paka aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa huugua na kuambukiza vile vile. Paka wa barabarani akikung'ata au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulize chanjo. Usingoje uone kama paka atakufa. Dalili zikishamtokea mtu, hakuna tiba. Watoto waambieni wasifiche wakikwaruzwa. Hufanya hivyo wakiogopa paka wao atatupwa.

Chanjo ya kichaa paka hupewa akifika miezi mitatu, na zile za mafua na kuhara huanza wiki ya sita hadi ya nane. Maafisa wa mifugo wanapotangaza kampeni ya chanjo sokoni au shuleni, aghalabu huwa inalenga mbwa, lakini ulizeni. Kila nilipouliza nimeambiwa paka pia aletwe. Mlete ndani ya kikapu chenye kifuniko kilichofungwa kwa kamba, au ndani ya foronya, na ufike mapema kabla mstari wa mbwa haujawa mrefu.