Waliohesabiwa: Bani Israil chini ya Warumi, Wameru na Waembu chini ya Waingereza

Watoto wetu wafikapo Suratul Israa chuoni, hukutana na habari ya maadui walioingia msikitini na kuangamiza. Wafasiri wengi huihusisha mara ya pili na Warumi, waliolibomoa hekalu la Jerusalem mwaka 70 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, amani iwe juu yake. Mtoto arudipo nyumbani huuliza: Warumi walijenga barabara na mifereji ya maji, wakawaachia Wayahudi Sabato yao, chuki ile ilitoka wapi? Tumeona tujibu kwa kupitia kwa jirani zetu wa Meru na Embu, walioishi jambo kama hilo kwa miaka isiyopungua hamsini.

Wazee wa Kimeru husimulia kwamba asili yao ni mahali pa pwani paitwapo Mbwaa, walikotumikishwa na watu waitwao Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Kiongozi wao, Koomenjwe, akawatorosha. Maji yakapasuka, wakavuka. Waliovuka usiku wakawa ukoo wa weusi, wa alfajiri ukoo wa wekundu, na wa mchana ukoo wa weupe. Msomaji atakuwa amekwisha kumkumbuka Nabii Musa. Wanahistoria nao walimkumbuka, wakabishana iwapo kisa hiki ni cha kale au kimechanganyika na mafundisho ya wamishonari. Wako wanaodhani Mbwaa ni upande wa kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, na kwamba wenye nguo nyekundu walikuwa watu wa huku kwetu. Biashara ya watumwa ilikuwako pwani, nasi hatuna haja ya kuificha. Lakini watu wanaojieleza kwa kisa cha namna hii, mtu hawezi kutazamia wampokee bwana mwingine kwa vigelegele.

Naye bwana akaja. Embu ilipigwa kwa silaha mwaka 1906, ikajengwa ngome. Meru alifika Edward Horne mwaka 1908; wenyeji walimpa jina la Kangangi, mzururaji mdogo.

Kwetu pwani, kwa mkataba wa mwaka 1895 baina ya Sultani wa Zanzibar na Uingereza, makadhi waliendelea na hukumu zao na bendera ya Sultani ikaendelea kupepea. Bara hawakupewa staha hiyo. Wameru walikuwa na Njuri Ncheke, baraza la wazee lililoamua mambo ya ardhi na damu, wala hawakumjua chifu. Waingereza wakaweka machifu wa mshahara, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kukusanya kodi na kutoa vijana wa kufanya kazi. Warumi walifanya lililofanana na hilo: walimteua na kumwondoa kuhani mkuu kwa hiari yao, na kwa miaka kadhaa mavazi yake matakatifu yalifungiwa ndani ya ngome ya Antonia, chini ya ulinzi wa askari. Kuhani alikuwepo, lakini joho lake lilikuwa kwa mgeni.

Kodi yenyewe ilitozwa kwa kila nyumba, hivyo mwenye wake watatu alilipa mara tatu. Ilitakiwa kwa sarafu, na asiyekuwa na sarafu alilazimika kwenda kuitafuta kwenye mashamba ya walowezi. Kisha ikaja sheria ya kipande ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa vita vilipokwisha: kila mwanamume aliyebaleghe alichukuliwa alama za vidole, akavaa cheti chake shingoni ndani ya kikopo cha chuma, mithili ya mbuzi na kengele yake. Mwajiri asipotia sahihi, mtu hakuweza kuondoka. Wayahudi nao walihesabiwa mwaka wa 6, Warumi walipoitwaa Yudea. Yuda wa Galilaya akasimama akisema kuwa kukubali ni kumkiri bwana mwingine asiyekuwa Mungu.

Zaka nasi twatoa, wala hatuinung'unikii, maana twajua inamwendea nani. Wayahudi nao walipeleka drakma mbili kila mwaka hekaluni kwa moyo mweupe. Hekalu lilipobomolewa, Rumi iliwaamuru waendelee kutoa drakma zizo hizo, sasa kwa hekalu la sanamu yao Jupita. Kiasi hakikuongezeka hata chembe. Atakayelielewa hilo hatahitaji kuelezwa habari za uzito wa kodi.

Kwa Wameru na Waembu, kahawa ilikuwa na uchungu wa jinsi hiyo. Udongo mwekundu wa Mlima Kenya unaikubali sana, lakini Mwafrika alizuiwa kuipanda hadi miaka ya 1930, ndipo Meru, Embu na Kisii zikaruhusiwa vishamba vidogo kwa majaribio, chini ya macho ya wasimamizi. Ardhi ni ya babu yako, na mche waombewa ruhusa!

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi waliingia msituni. Jenerali Kubukubu wa Embu hakuuona uhuru. Musa Mwariama wa Meru alitoka msituni mwaka 1963, akapokewa na Kenyatta. Familia zilikusanywa katika vijiji vilivyozungukwa na handaki. Waliokamatwa walijaza kambi za Mwea, na huko kwetu Hola, mtoni Tana, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa waathiriwa 5,228.

Kambi nyingine ilikuwa Takwa, kisiwani Manda, mkabala na Lamu: kisiwa kile kile ambacho wengine hukidhania kuwa ndiko iliko Mbwaa.