Mizani Yenye Kauli Moja



Msimu ukikaribia, maneno juu ya mizani huwa mengi, na mara nyingi utamsikia mtu akisema: "Mizani ile ni nzuri, nimepima gunia mara tatu na mara zote imesema vile vile." Maneno haya yana kosa ndani yake, na kosa hilo hula karafuu zetu.

Mizani ina sifa mbili mbalimbali. Ya kwanza ni kuwa na kauli moja, yaani ukipima kitu kile kile mara nyingi jibu halibadiliki. Ya pili ni kusema kweli. Moja yaweza kuwako bila ya nyingine, kama vile shahidi aweza kushikilia neno lake toka asubuhi mpaka jioni, na likawa neno la uwongo.

Natutwae mawe yaliyokaguliwa, jumla kilo 50. Mizani ya kwanza yasema 48½ kila mara. Ya pili yasema 49, 51, 50½, 49½ na 50. Hii ya pili haina kauli moja, lakini ukijumlisha na kugawa kwa tano wapata 50 kamili. Ile ya kwanza, hata ukipima mara mia, yakupunguzia kilo 1½ kwa kila gunia la kilo 50. Magunia kumi ni kilo 15, nazo ni frasila kasoro kidogo, na wachumaji wamekwisha lipwa kwa karafuu hizo.

Juu ya hayo, mimi naona mizani ya kwanza ni afadhali, maana kasoro yake ikijulikana hutengenezeka. Itazame ikiwa tupu. Mshale ukisimama kilo 1½ chini ya sifuri, upungufu ni ule ule kwa mzigo wowote, na kuurudisha mshale mahali pake kwatosha. Lakini ikianzia sifuri, kisha ikasema 48½ kwa kilo 50, huenda springi ndiyo mbovu, na upungufu hukua pamoja na mzigo: kwa kilo 20 itasema 19.4. Kwa hiyo ijaribu kwa jiwe jepesi na kwa jiwe zito.

Mizani za umeme nazo zimewapumbaza wengi kwa tarakimu zake. Gunia la kilo 50 likiandikwa 48.515, tarakimu tatu baada ya nukta hazikurudishii kitu.

Ama pishi ya karafuu mbichi, kubalianeni na wachumaji mapema kuwa ni ya mfuto. Pishi ya tele hufuata mkono wa mjazaji.

Hata mawe hubadilika. Kilo ya dunia nzima ilikuwa silinda ya platinamu na iridiamu, iliyowekwa Sèvres karibu na Paris tangu 1889. Ilipolinganishwa na nakala zake baada ya miaka mingi, zilionekana zimeachana kwa kiasi cha sehemu 50 katika milioni ya gramu moja, na tangu 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena silinda ile. Basi jiwe lako la chuma, lenye kutu, usiliamini mpaka likaguliwe.

Jiwe la kilo 20 lenye muhuri lipo afisini. Atakaye kuijaribu mizani yake na aje nayo kabla uchumaji haujaanza.