Mja Mzito Asingoje Tumbo Lionekane

Wako akina mama wa mijini wasiokwenda kliniki mpaka tumbo lionekane, ati wanaogopa kijicho. Kijicho hakipimiki, lakini damu yapimika. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mahudhurio ya kwanza yawe kabla wiki 12 za mimba hazijapita. Kaswende yaweza kukaa mwilini mwa mama bila kumsumbua, huku ikimdhuru mtoto tumboni, hata kumwua. Ikigunduliwa mapema, sindano ya penisilini huwatibu wote wawili. Baada ya wiki 20, shinikizo la damu likifikia 140 kwa 90, na protini ikaonekana katika mkojo, hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba, ingawa mama mwenyewe hajahisi lolote. Na baba je? Asipopimwa naye, mama aliyetibiwa leo ataambukizwa tena kesho.