Je, Wajua? Boksi la sabufa kwenye kabini ndogo

Fuso na pikapu zinazotoka Goma kwenda Sake, Kitshanga, Mweso, Kashuga, kisha Kalembe na Pinga, hushinda kwenye gia ndogo, na muziki ndio msaidizi wa dereva. Wengi wakitaka besi huuliza kwanza: spika ya inchi ngapi? Swali la kwanza ni boksi gani.

Je, wajua kabini yenyewe ni nusu ya boksi? Wimbi la sauti la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na kabini ya pikapu ya kiti kimoja ina mita moja na nusu hivi. Wimbi halina pa kutandaa, kwa hiyo spika huikandamiza na kuiachia hewa yote ya kabini kwa pamoja. Kuanzia hezi 115 hivi kushuka chini, besi hupanda yenyewe. Unataka ushahidi? Shusha kioo uone inavyopungua papo hapo.

Je, wajua boksi lililozibwa na kabini ndogo hufidiana? Chini ya masafa yake ya mvumo, boksi lililozibwa hupoteza desibeli 12 kila masafa yanaposhuka kwa nusu. Kinadharia, kabini iliyofungwa vizuri huongeza desibeli 12 hizo hizo. Milango inayovujisha hewa hula sehemu ya faida hiyo, lakini inayobaki inatosha boksi dogo litoe besi ambayo sebuleni lisingeweza.

Je, wajua boksi lenye bomba huanguka mara mbili kwa kasi? Chini ya masafa ya bomba lake, hupoteza desibeli 24 badala ya 12, na spika hukosa hewa ya kuishikilia. Hapo ndipo koni hurukaruka na koili kuharibika. Juu ya hayo, bomba likiongeza sauti pale pale kabini inapoongeza, noti moja huvuma na nyingine zote humezwa.

Je, wajua bomba lilitangulia? Albert Thuras wa maabara za Bell, Marekani, alipata hataza ya boksi lenye bomba mwaka 1932. Boksi dogo lililozibwa, ambalo hewa ya ndani hufanya kazi ya springi, lililetwa sokoni na Edgar Villchur na Henry Kloss kupitia kampuni yao ya Acoustic Research, iliyoanzishwa mwaka 1954.

Je, wajua boksi likipungua, bomba hurefuka? Ni kanuni ile ile ya kupuliza mdomo wa chupa ya soda. Boksi la lita 40 lenye bomba la upana wa sentimita 10, likilengwa hezi 35, linahitaji bomba la sentimita 41. Lipunguze liwe lita 25, bomba linafika sentimita 70 na lenyewe linakula zaidi ya lita 5. Nyuma ya kiti cha Hilux utaliweka wapi?

Je, wajua mwinuko wa Kivu unakusaidia? Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa asilimia 16 hivi ukilinganisha na Mombasa. Springi ya hewa ndani ya boksi lililozibwa nayo hulegea kwa kiasi hicho. Boksi la lita 20 hutenda kama la lita 24.

Je, wajua lita hupimwa kwa futi ya fundi? Zidisha urefu, upana na kina cha ndani kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Boksi lililolala nyuma ya kiti huwa jembamba juu na nene chini: jumlisha vina viwili, gawanya kwa mbili, ndipo uzidishe. Upana 70, kimo 35, kina 8 juu na 14 chini: karibu lita 27. Toa lita moja au mbili za mwili wa spika. Kinachobaki kinatosha spika nyingi za inchi 10.

Je, wajua kina cha spika hukwamisha wengi kuliko upana? Spika ya kawaida ya inchi 10 huingia ndani sentimita 14 hadi 17. Zipo nyembamba zinazoridhika na 7 hadi 9. Pima kiti kikiwa kimerudishwa nyuma na jeki ikiwa mahali pake, maana njia ya Kashuga itakudai jeki kabla haijakudai besi.

Je, wajua spika yenyewe hukwambia boksi inalotaka? Kwenye karatasi yake tafuta Fs na Qes, ugawanye ya kwanza kwa ya pili. Jibu likiwa 50 au chini, izibe. Likifika 100, ipe bomba. Vipimo vya namna hiyo huitwa kwa majina ya Neville Thiele wa Australia na Richard Small.

Je, wajua MDF huchukia mvua? Ubao huo ni mzito na hautetemeki, ila ukinywa maji huvimba na kumung'unyika. Kwa gari linalovuka matope, plaiwudi nzuri ya milimita 18 hudumu zaidi. Ziba viungo vyote kwa gundi na silikoni: tundu dogo tu hupiga mluzi, na boksi si lililozibwa tena.

Je, wajua pamba ya mto hulikuza boksi? Poliesta ikijazwa bila kushindiliwa hupunguza joto la hewa inayokandamizwa, na spika huhisi iko kwenye boksi kubwa kidogo. Ndani ya boksi lenye bomba usiijaze, itaziba njia ya hewa.

Je, wajua Fuso nyingi ni za volti 24? Amplifaya ya gari ni ya volti 12. Ukichukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili, hiyo huisha na mwenzake huchajiwa kupita kiasi. Nunua kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12.

Je, wajua wati 500 za kweli huvuta zaidi ya ampea 50? Weka fyuzi ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Barabara ya mashimo husugua waya kwenye bati mpaka ngozi itoboke.

Je, wajua wati maradufu si sauti maradufu? Huongeza desibeli 3 tu, na sikio huhitaji 10 hivi kusema sauti imekuwa mara mbili. Na Shirika la Afya Duniani hushauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki.

Je, wajua rumba haihitaji boksi la ajabu? Uzi mnene wa gitaa la besi hulia hezi 41, na sehemu kubwa ya sauti yake iko juu ya hapo. Muziki huo wa Kongo, ulioingia kwenye orodha ya UNESCO Desemba 2021, unataka besi inayokatika upesi ili sebene isikike. Boksi lililozibwa hufanya hivyo.

Je, wajua nyaya mbili zilizopishana huua besi? Sabufa ikisukuma wakati spika za milango zinavuta, zinafutana. Kabla hujalaumu boksi, badilisha chanya na hasi za sabufa peke yake, usikilize ukiwa umekaa kwenye usukani, milango imefungwa. Upande wenye besi nzito ndio sahihi.