Roketi Imepaa, Alafu?

Ukimaliza Factorio, gemu haikufungiangi mlango. Roketi inapaa, skrini inakuambia umeshinda, alafu inakuacha hapo na faktri nzima ikinguruma. Belti zinasonga, tanuru zinachoma chuma, na wale wadudu wa huko nje bado wako na hasira na moshi yako. Umeshinda, sawa. Sasa? Hapo ndio wasee wengi hulost. Wanazungukazunguka saiti, wanaongeza katanuru hapa, kabelti pale, alafu gemu inakaa kwa lapi miezi bila kuguswa.

Na hii si gemu ya kununua uiache hivyo. Ni ya wasee wa Wube Software, kampuni ya Prague huko Czechia. Ilifika Steam 2016 ikiwa haijaiva, toleo la 1.0 likatoka Agosti 2020, na hao majamaa wana kichwa ngumu: hawawekangi ofa. Ukingoja bei ishuke utazeeka, buda. Demo ndio ya bure.

Target yenye kila mtu hurukia ni sayansi 1,000 kwa dakika, yaani zile chupa za rangi za kufanyia utafiti. Inaskika mteremko. Wacha nikuchanue. Chupa moja nyekundu, ile ya kwanza kabisa, inataka kopa moja na gia moja, na hiyo gia inakula chuma mbili. Elfu moja kwa dakika ni chuma 2,000. Belti ya manjano inabeba 15 kwa sekunde, yaani 900 kwa dakika. So belti mbili zikijaa pomoni bado hazitoshi, na hiyo ni nyekundu peke yake! Kijani, buluu na zingine bado zinakungoja, mpaka ile nyeupe inataka roketi zipae bila kupoa. Kuja kwa stima: solar moja ukipiga hesabu ya mchana na usiku inakupea kilowati 42. Gigawati moja ni solar karibu 24,000, na kila solar 25 zinataka betri 21 za kuvuka usiku. Ukifika hapo adui si wadudu tena, ni lapi yako. Gemu hupiga hesabu mara 60 kwa sekunde, na faktri ikifura prosesa inalemewa, kila kitu inaanza kutembea mos mos.

Ni noma, sikatai. Lakini ukishajenga ya 1,000, ya 2,000 ni kukopi na kubandika. Mimi naona target ya maana ni ile inakunyima kitu.

Cheki achivmenti inaitwa Lazy Bastard: umalize gemu na usitengeneze vitu zaidi ya 111 kwa mkono. Hizo zinaishanga haraka vibaya. Ukizubaa kidogo, ushachoma kumi na gia za bure. So mapema sana lazima ujenge ile sehemu wasee huita mall, mashine zikutengenezee belti, mikono, hata mashine zingine. Ile tabia ya kubonyeza tu ukitaka kitu inakufa. Achivmenti ingine, Steam All the Way, inakunyima solar. There Is No Spoon inakupea masaa nane roketi iwe imepaa, hiyo ni kwa gemu ya kawaida. Na usiweke modi, Steam haitakuhesabia.

Ka una doo ya kuongeza, Space Age, ile nyongeza ya gemu ya Oktoba 2024, imeshikilia hiyo hiyo formu ya kukunyima. Sayari ya Gleba, vitu vinaoza kwa belti, so kujaza stoo ni kujimaliza. Fulgora unaanza na skrapu unavunjavunja upate vitu za maana, ka fundi wa Kamukunji, na radi ikikupigia juu ya kichwa. Aquilo ni baridi, usipopasha mashine moto zinaganda. Ukifika ukingo wa mfumo wa jua umeshinda, lakini mbele bado kuna safari ya meteo tupu, na meli yako inaenda mbali vile ulivyoijenga.

So buda, ka roketi yako ilipaa na umekwama, wachana na hiyo saiti ya zamani. Fungua mapu mpya, anza na zile 111, na kabla ubonyeze kitu ya kwanza, piga hesabu.