Konea mpya kwa mtoto: tiba ipo, lakini wakati haungoji



Ndugu msomaji, macho ni neema na amana kutoka kwa Mwenyezi Mungu (S.W.). Mbele ya mboni upo utando unaopitisha mwanga mithili ya kioo cha dirisha, nao huitwa konea. Ukipata kidonda, mara nyingi hupona kwa kuacha kovu jeupe. Mtoto huwa kama anayetazama kupitia dirisha lililopakwa chokaa.

Kovu zito haliondoki kwa matone wala miwani. Tiba yake ni upasuaji: daktari hukata konea iliyoharibika na kushona mahali pake konea safi ya mtu aliyefariki. Upasuaji wa kwanza wa aina hiyo kufanikiwa kwa binadamu ulifanywa na Dk. Eduard Zirm mnamo Desemba 7, 1905, huko Olomouc, mji ulio leo katika Jamhuri ya Cheki. Aliyetibiwa alikuwa kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa. Konea ilitoka kwa mvulana wa miaka 11 ambaye jicho lake lilikuwa limeumia lisiokoleke.

Je, dini yasemaje? Mwaka 1988 mjini Jeddah, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la OIC liliruhusu kiungo cha maiti kupewa aliye hai anayekihitaji, iwapo marehemu aliridhia au warithi wake wameridhia, na kisiuzwe. Liliruhusu pia konea ya jicho lililotolewa kwa sababu ya ugonjwa. Lilikataza kuchukua konea zote mbili za mtu aliye hai. Mwenye shaka amwulize sheikh wake.

Kwa mtoto, kazi ni ngumu kuliko kwa mtu mzima. Jicho lake ni dogo na laini, na mwili wake ni mwepesi kuikataa konea ya mwingine. Nyuzi hulegea mapema, na hata kuchunguzwa tu huenda akahitaji nusu kaputi. Matone hutiwa kila siku kwa muda mrefu. Tena ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo, hasa kabla ya miaka 7 au 8. Jicho likizibwa wakati huo, ubongo huacha kulitumia; hata konea mpya ikikaa vizuri, uoni hurudi kidogo.

Sasa mfikirie mzazi wa Natta, wilayani Serengeti. Aende Mugumu, kisha hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza. Hospitali ya macho ya Lions yenye benki ya macho iko Nairobi, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Nauli ya mara moja ni mzigo, na mtoto huyu hurudi mara nyingi.

Kwa hiyo kinga ndiyo tegemeo letu. Utafiti wa Foster na Sommer uliochapishwa mwaka 1987 juu ya watoto wa Tanzania wenye vidonda vya konea ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi walikuwa wametoka kuugua surua. Sababu nyingine zilikuwa upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Wazazi tuzingatie haya:

1. Chanjo ya surua katika miezi 9 na 18.

2. Matone ya vitamini A kila miezi 6, tangu miezi 6 hadi miaka 5. Chakula kiwe na mchicha, papai, viazi lishe na maini.

3. Mtoto mchanga akitoka usaha machoni, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

4. Tusitie jichoni maji ya majani, mkojo wala maziwa.

5. Tumwoshe mtoto uso kwa maji safi kila tunapotawadha, na kila mtu awe na taulo lake.

6. Jicho jekundu linalokimbia mwanga, au doa jeupe popote jichoni, ni safari ya hospitali leo, si baada ya mavuno.

Mtume (S.A.W.) alitufundisha kutafuta matibabu. Kuwahi ni sehemu ya kutafuta huko.

Wabillahi tawfiq.